Pamba Haitundikwi

Ukifuata video za kufundisha kusokota uzi kwa mkono, utadhani dunia nzima inafuga kondoo. Mwalimu anashika pia ya mbao, yaani kijiti chenye kisahani ambacho kikizungushwa kinasokota uzi, anachomoa kifungu cha sufu nyeupe, anaizungusha pia kwa vidole, anaiachia ining'inie, na uzi unateremka wenyewe hadi karibu na sakafu. Hakuna anayekwambia kwamba ukijaribu hayo hayo kwa pamba, pia itakuwa chini ya meza kabla hujashusha pumzi.

Mimi naishi Mwanza. Kondoo wa sufu huku hatuna. Pamba ndiyo tuliyokulia nayo. Msimu ukifika inapita kwenye malori, nyingine inapeperuka na kunasa kwenye miiba ya kando ya barabara. Basi kazi hii nimejifunza mara mbili, kwanza kwa sufu, halafu kwa pamba, na hiyo ya pili ndiyo iliyonieleza nilichokuwa nakifanya kwenye ile ya kwanza.

Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani mbili Nyakato, moja ya miguu na moja ya umeme, na adui yangu mkubwa ni uzi mbovu. Anayeshona anajua: unaingiza uzi wa bei ya chini, unakanyaga, sindano inachapa kidogo tu, uzi huo umekatika. Nikawa na tabia ya kuupima uzi dukani kabla sijalipa. Nakata kipande cha urefu wa kidole, nakishika ncha zote mbili, nakisokotoa kinyume. Kinafunguka, ndani unakuta nyuzi mbili au tatu zilizokumbatiana. Unachukua mmoja, unaendelea kuusokotoa, na kuna mahali unafika unaachana. Ukiwa wa pamba, haukatiki. Unateleza tu ukaachana, na vidoleni unabaki na vinyuzinyuzi vifupi ambavyo ukipuliza vinaruka.

Hilo la kuteleza lilinikaa kichwani. Humo ndani hakuna gundi, hakuna fundo. Kinachozuia suruali isikuachie katikati ya daladala ni msokoto peke yake. Nikataka kuuona ukiingia.

Pia yangu ya kwanza niliitengeneza kwa CD mbili za filamu. Mtaani zimejaa, deki za kuzichezesha hazipo tena. Nilichukua kijiti cha mbao, nikakiviringishia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka CD zikakaa kwa kubana, juu nikachomeka ndoano ya waya wa henga. CD moja ina gramu 15 hivi. Mbili pamoja na kijiti na mpira zinakaribia gramu 50, uzito mzuri wa kuanzia kama unasokota sufu. Sufu yenyewe ilikuja kwa basi. Rafiki yangu wa Nakuru, tuliyejuana kwenye biashara ya nguo, alinipakilia mfuko kutoka Molo, kule ambako baridi inawaruhusu kufuga kondoo wa sufu aina ya Corriedale. Kondoo wetu, wale wekundu wa Kimasai na wale wa kichwa cheusi, wana manyoya mafupi tu. Nyama watakupa, uzi hapana.

Kwenye video mambo mawili hufanyika kwa pamoja: mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta, na wakati huo huo pia inazidi kushuka. Kwa anayeanza hayo ni mengi mno. Afadhali kuyatenganisha, na wasokotaji wengi wazoefu huwaanzisha wanafunzi wao hivyo. Unafunga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, unaupitisha kwenye ndoano, unazungusha pia mpaka uzi huo ujae msokoto, halafu unaibana pia katikati ya magoti isiende popote. Sasa mikono yote miwili iko huru. Vidole vya mkono wa chini vimebana pale uzi unapokutana na sufu, vinauzuia msokoto usipande. Mkono wa juu unavuta sufu taratibu, nyuzinyuzi zinapishana, kifungu kinakonda mpaka unene unaoutaka. Ndipo unafungua vidole vya chini.

Hapo ndipo penye utamu. Msokoto unaonekana kwa macho ukipanda. Ile sufu iliyokuwa imelala imetawanyika inajikusanya ghafla, inakuwa ya duara, inang'aa kidogo, na inasimama pale pale vidole vya juu vilipo. Baina ya uzi uliokwisha kuwa uzi na sufu ambayo bado ni sufu panabaki umbo la pembetatu, pana juu, jembamba chini. Kazi yote ya msokotaji iko ndani ya pembetatu hiyo. Msokoto ukikuwahi ukaingia kwenye sufu nene, basi, imefungwa, huivuti tena, umepata donge. Ukivuta kupita kiasi kabla msokoto haujafika, nyuzinyuzi zinaachana na unabaki umeshika hewa. Baada ya muda vidole vinaanza kusikia wenyewe: kifungu kinapokaribia kuachana kinalegea kidogo, mvutano unapungua, na hapo unauruhusu msokoto upite.

Nilikaa na sufu ile mpaka nikaweza kuiachia pia ining'inie bila kuibana. Uzi wangu ulikuwa mnene na wenye vifundo, lakini ulikuwa uzi. Nilidhani nimeijua kazi.

Pamba ilinitoa kwenye ndoto hiyo. Kaka yangu analima Maswa, na kabla mzigo haujaenda AMCOS, chama chao cha ushirika, kupimwa aliniwekea fuko la pamba mbegu. Nikachambua kidogo kwa vidole, nikaifunga kwenye uzi wa kuanzia, nikazungusha, nikaachia. Pia ikaanguka. Nikafunga tena, ikaanguka tena, CD ikapasuka ukingo. Nikaibana kwenye magoti, nikavuta taratibu kama nilivyozoea, uzi ukapatikana, mzuri tu kwa macho. Nilipoutundikia pia, ukaachana bila hata sauti.

Sababu inaonekana ukilaza unyuzi mmoja wa kila aina kwenye kitambaa cheusi. Ule wa sufu ya Corriedale una sentimita 10 na zaidi, umejipinda mawimbi, na juu yake una vigamba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo vinakwaruzana na vya mwenzake. Ule wa pamba yetu hii ya Kanda ya Ziwa una sentimita 3, ukibahatika. Ni laini, mwembamba mno, na hauna vigamba. Sufu ukiipa msokoto kidogo inashikana. Urefu wake unaifanya ikutane na wenzake mahali pengi. Pamba inataka msokoto mwingi, na inautaka upesi, kwa sababu kile kipande kisichosokotwa ni kifupi sana, hakina muda wa kukusubiri. Na wakati huo isibebeshwe uzito.

Sasa itazame pia ya CD. CD ina upana wa sentimita 12, uzito wake uko mbali na kijiti. Kitu cha namna hiyo kinazunguka kwa muda mrefu lakini polepole, na uzito wote wa gramu 50 unaning'inia kwenye uzi ambao bado haujaiva. Kwa pamba ni makosa mawili katika chombo kimoja: nzito, na tena ya uvivu.

Nilijaribu njia za mkato, nikiri, hasa sufi, ile ya mti wa msufi. Mto wa zamani wa nyumbani uliojazwa sufi ulikuwa umepasuka, na sufi kwa macho ni nzuri kuliko pamba, inang'aa hariri. Haisokoteki. Unyuzi wake ni mfupi, una utelezi, ndani una uwazi, ukiukunja unavunjika. Nilichopata ni kupiga chafya jioni nzima. Iache kwenye mito. Katani ndiyo kinyume chake. Wanawake wa Ukambani wanaosuka vikapu vya viondo hawahitaji pia kabisa, wanaisokota katani kwa kiganja juu ya paja, kwa sababu unyuzi wa katani unakaribia urefu wa mita moja. Msokoto wa hapa na pale unatosha. Nilianza kuona kwamba chombo hakichaguliwi na fundi. Kinachaguliwa na urefu wa unyuzi.

Aliyenifungulia pamba ni mteja wangu, bibi wa Kigujarati aliyezaliwa India akaolewa huku, ambaye hunipa blauzi za sari nizipanue. Alikuja siku moja kuchukua kazi yake, akaiona pia ya CD imetundikwa ukutani.

"Hii ya nini?"

"Ya kusokotea uzi, Bibi."

"Uzi wa nini?"

"Wa sufu, ila sufu iliisha. Sasa nataka wa pamba, lakini pamba inakataa."

Akaichukua, akaipima mkononi, akacheka mpaka miwani ikateremka. "Mwanangu, pamba haikatai. Wewe unaitundika. Pamba haitundikwi, inakalishwa."

Safari iliyofuata alikuja na kitu kimefungwa kwenye leso: waya wa chuma wa urefu wa shibri moja hivi, ncha ya chini imechongoka, ya juu imepindwa ndoano ndogo, na karibu na chini kuna kisahani cha shaba kilichozidi sarafu kidogo tu. Hiyo wanaiita takli. Alikuwa nayo tangu utoto. Mpango wa elimu ambao Gandhi aliutangaza mjini Wardha, India, mwaka 1937 ulitaka mtoto ajifunze kupitia kazi ya mikono, na kusokota pamba kulipewa nafasi ya mbele. Shule aliyosoma yeye kule Gujarat bado ilikuwa na kipindi hicho, kila mtoto na takli yake. "Hesabu nilikuwa nashindwa," aliniambia, "lakini uzi wangu mwalimu alikuwa anawaonyesha wageni."

Aliomba bakuli. Nikampa la kauri, la mchuzi. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka ncha ya takli ndani ya bakuli, akaizungusha kwa kidole gumba na cha shahada, akaiacha izunguke huku ncha imekaa. Uzito wote uko kwenye bakuli. Uzi haubebi kitu. Na kwa vile kisahani ni kidogo, kinazunguka kwa kasi ambayo CD haiwezi kuifikia hata ikiombewa. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kijipande cha pamba kwa ulegevu, na ukaanza kwenda juu na nyuma, polepole, mpaka ukapita bega. Uzi ulitoka. Hakuna vidole vya kuzuia msokoto, hakuna kubana magoti, mkono mmoja tu unaosogea mbali.

Nikamwambia, lakini msokoto si unaingia kwenye pamba? Kwenye sufu nilijifunza usiuruhusu.

"Uache uingie kidogo. Halafu vuta."

Alinionyesha mara nyingi, tena polepole, na kwa karibu jambo lenyewe ni hivi. Kipande cha pamba kinapotoka kwenye kifungu hakitoki sawa, kina sehemu nyembamba na sehemu nene. Msokoto unapoingia, unakimbilia sehemu nyembamba kwanza, kwa sababu hapo ni rahisi kuzungusha. Sehemu nyembamba inajifunga, inakuwa imara. Sehemu nene inabaki legevu, na ukivuta wakati huo, ndiyo inayokubali kunyooka. Ile nyembamba haivutiki tena. Inaponyooka ikakonda, na yenyewe inapata msokoto, inajifunga. Uzi unajisawazisha wenyewe mbele ya macho yako. Vifundo nilivyokuwa napigana navyo kwenye sufu kwa vidole, hapa vinayeyuka kwa kuvutwa tu. Ukishafika mwisho wa mkono, unaiongezea takli mizunguko kadhaa ili uzi ushibe, unaukunjia kwenye kijiti juu ya kisahani, unaanza upya.

Namna ya kujua umeshiba: ulegeze kidogo. Ukijikunja na kujisokota mara moja kwa nguvu, tayari. Ukining'inia tu na kuduwaa, bado.

Bibi hakuniachia takli yake, na sikutegemea. Fundi baiskeli wa jirani alinikatia spoku, akaichonga ncha kwa tupa na kupinda ndoano. Fundi redio akanichomelea washa ya shaba kwa risasi, sentimita mbili kutoka chini. Haifiki gramu 15. Washa isipokaa katikati kabisa, pia yenyewe inatetemeka na kutembea ndani ya bakuli, kwa hiyo msimamie fundi wako.

Maandalizi ndiyo yanayokula muda, na video huyapita haraka. Pamba mbegu ina mbegu, na mbegu haziachi kirahisi. Kuchambua kwa vidole kunachosha kucha. Njia ya zamani, ambayo India imetumika kwa karne nyingi, ni kulaza pamba juu ya ubao laini na kuviringisha juu yake fimbo nyembamba ya chuma, ukikandamiza. Mbegu inasukumwa inatoka mbele, pamba inabaki nyuma. Mimi natumia kipande cha bomba jembamba la chuma kilichosuguliwa msasa. Kilo moja ya pamba mbegu inakupa pamba nyuzi zaidi kidogo ya theluthi moja. Iliyobaki ni mbegu, ambazo namrudishia kaka kwa ajili ya ng'ombe. Chagua pamba safi. Pamba fifi, ile yenye madoa na vipande vya majani makavu, mnunuzi anaishusha bei na wewe utaishusha moyoni, kwa sababu kila kipande cha jani kavu ni mahali uzi utakapokatika.

Nilipata pia pamba nyuzi ya kiwandani, kipande kilichobanduka kwenye robota. Nyeupe, safi, lakini imeshindiliwa mpaka nyuzinyuzi zimelala kila upande. Ile niliyoitoa kwenye mbegu kwa bomba inasokoteka vizuri zaidi. Bibi aliniambia hata kuchambua si lazima: alichukua mbegu moja na pamba yake kichwani, akaifumua kwa vidole mpaka ikawa duara la mawingu, akasokota moja kwa moja kutoka kwenye mbegu mpaka ikabaki tupu mkononi. Kwa uzi mfupi wa kuonyesha wageni, inapendeza. Kwa kazi ndefu naichana kwa brashi mbili za kuchania mbwa, nilizozinunua duka la dawa za mifugo (muuzaji aliniuliza mbwa wangu ni wa aina gani), halafu naviringisha ile tabaka nyembamba kwenye sindano ya kufumia, nachomoa sindano, nabaki na kijibomba chepesi cha pamba. Wahindi wanakiita puni. Puni ikiviringishwa kwa kukazwa haitoi kitu. Iwe legevu, karibu na kusambaratika.

Kuhusu kuunganisha nyuzi mbili niseme kidogo tu, ila kuna jambo moja ambalo fundi cherehani mwenzangu atalipenda. Uzi mmoja uliosokotwa una kiherehere, unajikunja ukiulegeza. Ukichukua miwili iliyosokotwa upande mmoja, ukaisokota pamoja kwa kuzungusha pia upande wa pili, kiherehere cha mmoja kinatulizwa na cha mwenzake, unapata uzi mtulivu na wenye nguvu zaidi. Wengi tunazungusha pia upande wa saa, kisha tunaunganisha kinyume cha saa. Sawa kwa kufuma. Lakini chukua uzi wako wa cherehani, ushike wima, utazame kwa makini: mistari ya msokoto inapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Cherehani zetu za kawaida zimetengenezewa msokoto wa upande huo. Ukiingiza uzi wa upande mwingine, kila mshono unausokotoa kidogo kidogo mpaka unafunguka na kukatika. Kwa hiyo ukitaka uzi wa mashine, anza kinyume cha saa na uunganishe upande wa saa. Wangu hata hivyo una unene usio sawa, kwenye mashine unanasa. Natumia kushonea matundu ya vifungo kwa mkono, na kwa kazi hiyo siubadilishi na wa dukani.

Kabla ya kuutumia uchemshe. Pamba mbichi ina nta ya asili. Weka uzi wako ndani ya beseni la maji utaelea, hautaki kulowa. Weka kijiko cha magadi kwenye sufuria, chemsha kwa saa moja hivi kwa moto wa wastani, uzi ukiwa umefungwa mahali kadhaa usivurugike. Maji yanageuka kahawia kiasi cha kukushtua, maana uzi ulikuwa mweupe. Ukitoka unazama, unanywa maji, unakubali rangi, na msokoto umetulia mahali pake.

Siku moja, wateja wakiwa hakuna, nilihesabu kanga. Nilichukua moja ya dukani, ya karibu mita 1.5 kwa 1.1, nikahesabu nyuzi kwa rula na kioo cha kukuzia. Tuchukue nyuzi 20 kwa kila sentimita, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) vilevile. Mtande: nyuzi 2,200 za mita 1.5. Mshindio: nyuzi 3,000 za mita 1.1. Kila upande mita 3,300, jumla kilomita 6 na mita 600 za uzi katika kipande kimoja, na kanga huuzwa jozi. Kwa mkono wangu, siku nikiwa mwepesi, nasokota kama mita 50 kwa saa. Saa 132 za kusokota kipande kimoja tu, bila kuchambua, kuchana wala kufuma. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea.

Na bado watu wa pwani yetu waliifanya kazi hiyo. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, aliandika kwamba vitambaa vilivyofumwa pale vilipelekwa hadi Misri. Kilwa Kisiwani, mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu miaka ya 1960, kati ya vitu vilivyotoka ardhini kulikuwa na visahani vya pia: vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa duara, vikatobolewa katikati. Bara nako Wafipa walisokota na kufuma pamba yao wenyewe. Kisha karne ya 19 ikaja na merikani, kitambaa cha viwandani kutoka Massachusetts kilichoshushwa Zanzibar kwa marobota na kuingia bara na misafara, kwa bei ambayo hakuna mkono wa msokotaji ungeweza kushindana nayo. Ukishahesabu zile saa 132 huhitaji mwanahistoria akueleze kwa nini pia ziliwekwa chini.

Vile vigae vilinigusa kwa sababu ya uzito. Nilichukua chungu kilichovunjika, nikasugua kigae kwenye jiwe mpaka kikawa duara, nikakitoboa kwa msumari na subira. Kilipokaa kwenye kijiti cha mwanzi, vyote pamoja vilikuwa vyepesi kuliko CD moja na nusu, na vilizunguka kwa kasi. Aliyechonga vile vya Kilwa, kama vyake vilikuwa vidogo hivyo, hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba pamba haipendi uzito. Nimekipa kigae changu kazi: natumia siku washa ya fundi redio inapochomoka.

Siku hizi wapo wanaokuja dukani kuuliza, wengi wanafunzi wa vyuo na akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi. Mmoja alitaka kununua kwangu uzi wa kutosha fulana ya mtoto. Nilimpigia bei kwa saa, akanitazama, tukacheka wote wawili, nikampa puni mbili na pia ya kuazima akajaribu mwenyewe. Ninawaanzisha moja kwa moja na pamba, sio sufu. Najua walimu wengi watanipinga, na kweli sufu ingewapa uzi siku ya kwanza. Lakini sufu itawafundisha kuvuta kwa vidole na kuhofia msokoto, halafu watakuja kufundishwa upya. Pamba ndiyo watakayoipata bure kwa shangazi au kwa mjomba.

Mahitaji hayana gharama: spoku, washa, pamba konzi moja, na bakuli. Bakuli liwe la kauri au la udongo uliosuguliwa. La plastiki ncha ya spoku inalichimba, pia inanasa kwenye shimo lake mwenyewe na kusimama.